Ufunguo wa Kompyuta ya Marehemu

Kitete, Tabora
4 Februari 1985

Wifi Mwamvita,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila Tatu anakohoa kidogo. Natumaini huko Dar hamjambo.

Sikuandikii kwa mapenzi. Umeme ulikatika ghafla, na kompyuta aliyotuachia Yahaya ikapoteza programu ya kuandikia. Fundi Raymundi ameipakia upya kwa diski zilezile, sasa inadai ufunguo. Nikapekua droo zote nikitafuta ufunguo wa chuma! Kumbe ni namba ya leseni, na marehemu aliiandika kwenye lile boksi ulilobebea kofia zake siku ya matanga. Mimi ninakula kwa kuchapa mitihani ya shule. Naomba hiyo namba.

Mke wa marehemu,
Pelagia


Dar es Salaam
19 Februari 1985

Pelagia,

Marahaba. Mtoto mpe tangawizi, si kila siku dawa za hospitali.

Leo ndiyo umekumbuka kwamba Yahaya alikuwa na ndugu? Matanga hayajaanuliwa, ulishafungua biashara sebuleni. Ile mashine ni jasho la kaka yangu. Namba hii hapa, nimeinakili kama alivyoiandika mwenyewe, sikuongeza wala kupunguza:

٧١٥٩٥١

Ikikushinda sema. Mwanangu Omari atakuja kabla ya Pasaka kuichukua. Huku wapo wanaoiweza.

Dada wa marehemu,
Mwamvita


Kitete, Tabora
5 Machi 1985

Wifi,

Shikamoo. Tatu amepona, tena kwa dawa za hospitali.

Umenidanganya. Nimeingiza V, moja, O, tisa, O, moja. Mashine imekataa. Raymundi akaweka sifuri badala ya O, imekataa. V kubwa, v ndogo, inalia tii tu kama inanizomea. Mwalimu mkuu anataka mitihani kabla ya Ijumaa Kuu, la sivyo kazi anampa mwingine. Mimi na Tatu tutakula nini? Unanichukia, sawa, nimezoea. Lakini kumsingizia marehemu namba ya uongo, humwogopi Mungu?

Pelagia


Kitete, Tabora
21 Machi 1985

Wifi,

Shikamoo, kama utaitikia.

Kimya chako nimekielewa. Unangoja nishindwe. Basi Omari aje! Atanikuta mlangoni, na mashine haitoki.

Pelagia


Dar es Salaam
28 Machi 1985

Pelagia,

Hujambo? Tatu hajambo?

Mimi mwongo? Ukome! Barua yako ya kwanza ya mwezi huu niliisoma, nikafika kwenye hiyo V yako, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mama wee, hiyo si V, ni saba! Na O si O, ni tano! Ni tarakimu za Kiarabu. Dukani kwetu hapo Tabora, baba aliandika hivyo bei aliyonunulia, mteja asijue. Kwako Yahaya aliandika za shule, lakini siri zake aliziandika za dukani. Miaka tisa umelala naye, huijui saba yake?

Nikakunja barua, nikanyamaza. Nilijisemea, akishindwa, mashine itakuja yenyewe. Omari nikamkatia tiketi ya treni. Jana nikatoa lile boksi nilifute vumbi, nikauona mwandiko wa kaka yangu. Nililia, Pelagia. Watu wote walikupa pole wewe. Mimi nani alinipa?

Saba, moja, tano, tisa, tano, moja. Tiketi haipotei bure, Omari ndiye anayekuletea barua hii. Mpe chakula. Bado sikupendi.

Wifi yako,
Mwamvita


Kitete, Tabora
٧ Aprili 1985

Wifi Mwamvita,

Shikamoo. Sisi wazima, na Omari mzima, japokuwa nilimpokea kwa mwiko. Maskini, alitupa barua juu ya ua akakimbilia barabarani, ikabidi Tatu amfuate.

Mashine imefunguka, mitihani ilifika Jumatano. Barua hii nayo nimeichapa, isipokuwa ile tarehe ya juu. Hiyo nimeiandika kwa kalamu. Nimeipatia?

Uliniacha wiki mbili nikihangaika na jibu unalo. Hilo sijakusamehe, na usidhani ni kwa sababu ya Pasaka nakuandikia vizuri. Pole kwa kaka yako. Nilipaswa kukupa siku ileile.

Omari anarudi na dumu la asali, na anakuja na Tatu, shule zimefungwa. Mtoto ametimiza miaka saba na hajui kuiandika saba ya baba yake. Mfundishe.

Wifi yako,
Pelagia