Koti Lako na Kamera ya Kioo

Mpendwa Baba,

Juma lililopita msichana mmoja wa Karungu alinisimamisha sokoni akaniuliza anunue kamera gani, maana anataka kuanza kupiga picha na mfuko wake si mnene. Si wa kwanza kuniuliza. Watu wa huku bado wanadhani mimi ni mpiga picha. Nilifungua mdomo nimjibu kitaalamu, lenzi hivi, betri vile, nikajikuta nataka kulia mbele ya wauza nyanya. Nikamwambia nitamwandikia. Lakini kila nikianza kumwandikia yeye najikuta nakuandikia wewe, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, asome yeye na yeyote mwenye haja.

Unaikumbuka siku ile tuliyokwenda Homa Bay? Ulivaa koti lako la kahawia la kanisani, ingawa haikuwa Sabato na ingawa nilikwambia hatuendi dukani kubatizwa. Ukasema mtu akienda kununua kitu cha maana avae kama mwenye maana, la sivyo atauziwa takataka. Pesa zilikuwa za dhahabu uliyokuwa ukichimba Macalder tangu mama atutoke. Ulizitia mfuko wa ndani wa koti ukawa unaupapasa njia nzima, mpaka nikakuonya kwamba unawaonyesha wezi pa kuchopoa.

Mwenye duka alituwekea mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa kuukuu, nyeusi, imechubuka pembeni, na juu yake ina kitundu cha kuchungulia: unafumba jicho moja na kubandika lingine. Ya pili ilikuwa ndogo, inang'aa, haina kitundu chochote. Ilikuwa na kioo tu kwa nyuma, na picha unaiona humo kabla hujaipiga. Bei zilikaribiana. Mwenye duka alizisifia zote kwa maneno ambayo sisi wawili tuliyaitikia kwa kichwa bila kuelewa hata moja. Mimi nilikuwa naelekea ile kuukuu, kwa sababu niliwahi kumwona mpiga picha wa harusi ana ya namna hiyo na alionekana mtu wa maana. Wewe uliichungulia, ukanipa, ukangoja, ukaitaka tena.

"Hii ni ya mtu moja," ukasema. "Wewe ukiangalia, mimi naona kisogo chako tu."

Mwenye duka akacheka. "Mzee, si mpiga picha ni huyu msichana? Wewe unataka kuona nini?"

"Kile anaona."

Yeye hakujua kazi yako. Kule mashimoni, mchanga ukishaoshwa, karai haliinamiwi na mtu mmoja. Wenzi wawili huweka vichwa pamoja, waone kwa pamoja kilichobaki chini, kisha ndipo mmoja anyooshe kidole. Anayeangalia peke yake huitwa mwizi hata kama hajagusa punje. Wewe miaka yote uliangalia vitu namna hiyo na hukujua namna nyingine. Ukanigeukia ukasema, "Mama, chukua hiyo ya kioo. Tutaangalia pamoja." Uliniita Mama tangu nizaliwe kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na ukiniita hivyo sikuwa na ubishi tena.

Hakuna aliyetuambia tutoke nayo nje. Dukani mlikuwa na giza na taa moja ya manjano, na kwenye kioo kila kitu kilipendeza, hata kipara cha mwenye duka. Tulilipa tukaondoka tukijiona wajanja.

Ujanja wetu uliishia Rodi Kopany, njiani kurudi nyumbani. Tulishuka tule, siku ya soko, jua liko utosini, nami nikataka kumpiga picha mama aliyekuwa anauza ndizi. Nikainua kamera. Kioo kilikuwa cheusi. Humo ndani niliona pua yangu tu. Nilidhani imekufa, na wewe ukaichukua ukaipuliza kama unavyopuliza redio ikikataa. Nilipoikinga kwa kiganja ndipo nikaona kipande cha ndizi, nikaelewa. Haikufa. Jua ndilo lilikuwa limeishinda. Watu wawili wa Macalder, wanaoshinda juani mwaka mzima, tumekwenda mpaka Homa Bay kununua kamera ya gizani.

"Turudi?" nikakuuliza.

"Kare," ukasema, neno lako la kukubali jambo lisilokubalika. Lakini hukugeuka. Ulivua koti, ukanifunika kichwa pamoja na kamera, kisha ukaingiza na chako. Humo mlinuka sabuni, jasho na vile vidonge vya kufukuza nondo. Ndizi zikatokea kwenye kioo, za manjano kabisa.

"Si ndio hizo?" ukasema.

Nje nilimsikia yule mama akiwauliza wenzake, "Hao wawili wanaficha nini ndani ya koti?"

Ukamjibu ukiwa humo humo, "Ndizi zako." Soko zima likacheka, na mimi nikapiga picha yangu ya kwanza huku bado nacheka. Imeharibika kidogo. Bado ninayo.

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya kazi. Kwetu msiba una picha nyingi kuliko harusi, na kazi yangu karibu yote ilikuwa mazishi, na mazishi ni mchana, uwanjani, jua linawaka. Wewe ulisimama kushoto kwangu na koti mikononi, mimi nikiinua kamera ulilitupa juu yetu wote. Watoto wa Karungu walituita mnyama wa miguu minne. Ulinionyesha vitu ambavyo macho yangu yaliviruka: mjane aliyekuwa anamfunga mtoto kamba za viatu, mzee aliyevua kofia akasahau kuivaa. Ulikuwa hunyooshi kidole mpaka uhakikishe na mimi nimeona. Jumamosi sikuchukua kazi, kwa sababu wewe na koti mlikuwa kanisani. Wapiga picha wenzangu waliniambia niuze ile kamera nitafute ya kitundu. Ulijifanya hukusikia, na mimi pia nilijifanya, kwa sababu sikutaka.

Kisha kifua. Vumbi la mawe uliyosaga miaka yote lilikuwa limekaa humo likingoja. Ulianza kukohoa ndani ya koti na picha zikatikisika. "Ngoja, Mama, usipige bado," ulikuwa ukisema, nami nikangoja, na mara nyingine kile tulichotaka kilikuwa kimeshapita. Sikujali. Ningengoja mpaka kesho.

Ulipotuacha, dada yako, waya, kama tunavyomwita shangazi kwetu, ndiye aliyeshughulikia nguo. Alilifua lile koti, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni. "Hii ndio atavaa," akasema. "Ndio nzuri yenye alikuwa nayo." Nilisimama pale nikalitazama. Ningesema nini? Kwamba nalihitaji kazini? Kuhusu mpiga picha, hakuna aliyewaza kumtafuta mwingine. Walisema, "Si tuko na Atieno?" Na kweli walikuwa nami.

Baba, jua la siku ile sijui lilitoka wapi. Walikutoa chini ya hema ili watu wapite kukuaga, wakafungua jeneza, waya akanipa ishara nianze. Nikainua kamera. Cheusi. Pua yangu, kama Rodi Kopany. Nikainamisha macho nikakuona wewe, umelifunga koti mpaka kifungo cha juu, jambo ambalo hukulifanya hata siku moja. Lilikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningeligusa. Binti wa waya alielewa kuna tatizo, akaja akanifunika kwa leso yake, lakini leso ni nyepesi, mwanga ulipita wote, na yeye alisimama upande wa kulia. Nikabonyeza tu. Nilibonyeza nikiwa sioni, mpaka walipomaliza kufukia.

Jioni waya aliketi kando yangu ndani ya nyumba tuziangalie. Miguu. Nguzo ya hema. Nusu ya mchungaji. Tukafika pale ulipokuwa umelala, na hapakuwa na kitu, palikuwa peupe, jua lilikuwa limekula kila kitu.

"Hapa ndio alikuwa?" waya akauliza, ameweka kidole.

Nikasema ndiyo. Akachukua ncha ya leso akakifuta kioo polepole, akidhani ni vumbi.

Sijapiga picha tena tangu siku hiyo. Wanakuja kunipa kazi nawaambia kamera ni mbovu. Wananipa pole, wananiambia muda utaponya, na mimi naitikia ili waende zao. Nimekata tamaa, Baba, nalisema wazi kwa sababu wewe hukupenda maneno ya kuzungukazunguka. Nilipata nafasi moja ya kukutunza pichani na nikatunza nguzo ya hema. Na hata ukiniondolea hilo, kazi yenyewe siioni ni ya nini. Nikiona kitu kizuri barabarani nageuka kushoto nikuulize kama umekiona, na hasira inayonipanda hapo sijui niipeleke kwa nani.

Mwezi uliopita nilijilazimisha kurudi Homa Bay. Mwenye duka alinikumbuka. "Na mzee wa koti?" akauliza. Nikamwambia tumekuzika. Akanipa pole, kisha akaniwekea kamera ya kitundu juu ya kaunta, si ile ya zamani lakini ndugu yake, akasema atapokea yangu ndogo nimwongezee kidogo. Safari hii nilitoka nayo mpaka nje, juani kabisa. Nikabandika jicho.

Niliona. Mama mmoja alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara, nikaona kila omena na jicho lake. Nyuma yake ziwa, na magugu ya kijani yameziba ukingo. Hapakuwa na giza, hapakuwa na pua. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kisha kichwa changu kikasogea chenyewe kulia, kidogo tu, kukuachia nafasi yako, na jicho lilipotoka kwenye kitundu kila kitu kikawa cheusi.

Nikajaribu tena. Kikasogea tena.

"Huoni?" mwenye duka akauliza kutoka mlangoni.

"Naona," nikasema, nikamrudishia.

Kwa yule msichana wa Karungu jibu langu ni fupi: kamera yoyote ya bei nafuu, itoe kwanza nje ya duka, juani, kabla hujalipa. Sina mengine ya kumfundisha.

Kaa na koti lako, Baba. Waya alikosea kukufunga kifungo cha juu, na mimi nilikuwa karibu nikashindwa kukifungua. Huku jua ni lile lile, na ile kamera yetu bado iko kabatini.

Ni mimi binti yako,
yule uliyekuwa ukimwita Mama