Nesi Ambaye Hayumo kwenye Tamthilia

Baba Samweli, mume wangu uliyetangulia,

Daktari aliwaita watoto pembeni, wakanong'onezana, wakarudi wakitabasamu kupita kiasi. Nadhani basi tutaonana karibuni, na ni afadhali jambo hili ulisome mapema, ukasirike, upoe, kabla sijafika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichonitongozea.

Unaikumbuka tamthilia ya Jumatano, ile ya familia yenye mashamba ya zabibu, tulipokuwa ukimbizini Nairobi? Wewe ulikuwa mlinzi wa usiku na hukuwahi kuiona kwa macho yako. Mimi niliitazama kwa jirani yetu, Mama Wambui, na Alhamisi asubuhi nikakusimulia ukinywa chai, buti bado miguuni. Jioni ukawapelekea walinzi wenzako. Sehemu moja ilitosha geti zima kubishana wiki nzima, tena kwa hasira.

Sasa nakiri. Mama Wambui alinifukuza. Nilikuwa na tabia ya kutabiri kwa sauti, na kila mara napatia. Siku niliyosema bwana harusi atakimbia, akakimbia kweli kabla ya tangazo la sabuni, mama huyo alizima televisheni akaniambia nikatabirie kwangu. Wewe ulikuwa umeshanionya kuhusu mdomo wangu, kwa hiyo niliona aibu kukwambia. Wiki iliyofuata nilitega sikio ukutani, nikaambulia muziki tu. Asubuhi ukavuta kigoda, ukasema, "Haya, mama, wamefanya nini?"

Nikakutungia.

Mimba yangu ilikuwa imeanza tu kuonekana, na mpaka nilipojifungua hukusikia tena neno la tamthilia yenyewe. Babu mwenye mashamba nilimpa kiharusi. Kiharusi kikahitaji nesi, ndipo nikamleta Rozalia, msichana anayewaosha wagonjwa huku akiwaimbia na kuwajibu matajiri bila kuinamisha macho. Ulimpenda kuliko nilivyokusudia. Mlinzi mwenzako alipopata likizo akaitazama mwenyewe, alirudi akisema hakuna nesi wala mgonjwa. Ulimwambia alisinzia, na kwa kuwa alikuwa na sifa hiyo, watu walikuamini wewe.

Uliposema mtoto akiwa msichana ataitwa Rozalia, niliamua kwamba Alhamisi nesi huyo atakufa kwa ajali ya gari, ili uliache jina hilo. Uchungu ukanishika kabla, na wewe ukawahi kumwandikisha mtoto.

Mama Wambui alileta uji kumwona mzazi, tukapatana, nikarudi kwenye televisheni yake. Huko nikamkuta babu mzima kabisa, anacheza dansi. Ilibidi nimponye kwa muujiza, na Rozalia nikampeleka ng'ambo kusomea upasuaji, akaishia huko.

Ningenyamaza nalo mpaka kaburini kama si ile hotuba yako. Mwanetu alipohitimu uuguzi hapa Juba, ulisimama mbele ya ukumbi mzima ukasimulia habari za huyo wajina wake, ambaye kwa ajili yake binti yetu alichagua kazi hii. Watu walilia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Sasa Rozalia ni nesi katika zahanati moja kule Jebel, na kila jioni hupita kunipima presha. Mwezi huu, kwa kuwa sitoki kitandani, nilimwomba Ester, binti wa Samweli, anitafutie ile tamthilia, nizione sehemu nilizokosa. Alizipata zote kwenye simu. Nikamwambia tutazame moja kila Jumatano. Alinikodolea macho kama mtu aliyeambiwa ale wali punje moja moja. Akajifungia Ijumaa, akatoka Jumapili na macho mekundu, bando limekwisha.

"Habuba, wallahi nimeangalia zote," aliniambia mimi bibi yake. "Huyo wajina wa Anti hayumo."

Akaongeza kwamba Anti akija jioni atamwuliza ni sehemu ya ngapi. Hapo niliogopa kuliko ninavyoogopa kufa. Wenye kutazama polepole huweza kudanganywa maisha yao yote. Hawa wanaomeza kila kitu kwa mkupuo wanakukamata siku ya tatu.

Nilimtuma Ester sokoni, nikamwambia Rozalia mwenyewe, mkono wangu ukiwa ndani ya kile kitambaa cha mashine ya presha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama mashine, akasema presha imepanda na inastahili kupanda.

"Kwa hiyo nina jina la mtu uliyemtunga kwa sababu ulifukuzwa kwa jirani."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na nimemwiga miaka yote hii. Mama, mimi huwaimbia wagonjwa. Wengine hawapendi."

Nilimwambia ukweli uliobaki: kwamba nilipokuwa nikimtunga yule nesi, tumbo langu likiwa mbele yangu, sikuwa na mtu mwingine wa kumfikiria. Kila nilichompa kilikuwa kile nilichotamani mtoto wa tumboni humo awe nacho. Alikunja kile kitambaa taratibu, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akauliza nesi huyo alifanya nini huko ng'ambo. Nikasema sijui, sikuwahi kufika huko.

"Basi nisimulie. Yote, leo."

Nikakataa. Nikamwambia itakuwa sehemu moja kila Jumapili, baada ya ibada.

"Mama, na hali yako hii?"

"Ndiyo maana."

Alifungua kinywa kunibishia kama nesi, akakifunga kama mtoto. Jumapili iliyopita alifika mapema na kiti chake mwenyewe. Rozalia wa hadithi ameshuka melini, hana koti, na daktari mkuu wa huko ana wivu na siri mbaya. Ni siri gani, bado sijaamua.

Kwa hiyo, Baba Samweli, kasirika taratibu. Muda unao.

Mkeo akupendaye,
Mama Samweli