Kambale Wenye Mayai

Kamsamba, Oktoba 1951

Mpwa wangu Lusubilo,

Jana nimechoma mkuki kambale mkubwa kama ndama. Uongo! Nimerudi na matope tu, mke wangu Marita akacheka mpaka akakohoa.

Mto Momba umekwisha samaki kwa sababu yako, mpumbavu wa suruali ya migodini! Ulipokuja likizo uliwachoma kambale wenye mayai, wakipanda majanini kutaga. Wakati huo sisi mikuki tunaiweka ndani. Nilikukataza, ukanijibu, "Mjomba, umezeeka." Sasa vijana wote wanakuiga.

Mpini wa mkuki wako niliuchonga mimi, hata asante hukusema. Basi nilipe hivi: mvua za kwanza zikinyesha, njoo uwafukuze vijana hao pale majanini. Mimi wananicheka.

Mjomba wako mwenye njaa na hasira,
Yonasi