Gari la Mzee Hiram Lililokatwa Lanet

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Lanet, Alhamisi tarehe 27 Machi 2025, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: Hudson Makokha Wafula
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa bodi za magari, Industrial Area, Nakuru
Makazi: Lanet

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa wala kukamatwa. Nimekuja mwenyewe baada ya kusikia kwamba Bi. Wangechi Ndegwa wa Elburgon amemshtaki Bwana Kibii kwa kulichukua gari la babake, Mzee Hiram, kwa udanganyifu. Aliyosema ni kweli, lakini hajui yote.

Mwaka wa 1979 kampuni moja, ambayo ilifungwa zamani, iliunganisha hapa nchini magari sitini ya Torrens Mau. Ni stesheni wagoni yenye springi nzito kwa ajili ya barabara za matope. Kila gari lilitiwa kibati cha shaba chini ya boneti, chenye namba yake, moja hadi sitini. Wanaokusanya magari ya kale husema yaliundwa sitini tu kwa sababu ya ufundi wa hali ya juu. Huo ni uongo. Nimesoma magazeti ya miaka hiyo maktabani. Yaliundwa sitini kwa sababu vipuri viliisha na kampuni ikashindwa kuagiza vingine. Kushindwa kwa kiwanda ndiko kunakouzwa leo kama heshima. Sajini ameniambia nijibu nilichoulizwa. Ndicho ninachojibu, kwa sababu bila uchache huo gari la Mzee Hiram lingekuwa nyumbani kwake.

Mnamo tarehe 4 Machi 2025, mwendo wa saa nne asubuhi, Bwana Kibii alikuja gereji yangu. Tunafahamiana miaka sita. Ana Torrens nne, na moja kati ya hizo ina kibati cha namba moja.

Aliniuliza, "Fundi, Torrens zimebaki ngapi?"

Nikamwambia, "Ninazozijua ni kumi na moja."

"Ni mingi sana. Zikibaki tano, hii yangu namba moja inanunua ploti mzima hapa Lanet."

"Basi ngoja kutu ifanye kazi yake."

"Kutu inachelewa, fundi."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mtu mwenye pesa. Akaniuliza nani mwingine anayo karibu, nami nikamtajia Mzee Hiram Ndegwa. Jina hilo lilitoka kinywani mwangu, halikutoka kwa mtu mwingine.

Tarehe 7 Machi, saa nane mchana, tulifika Elburgon. Mzee Hiram ana miaka themanini na moja. Alikuwa mpasuaji mbao, na gari hilo, kibati namba 38, lilibeba mbao, viazi, watoto wake, na mwishowe jeneza la mkewe. Halijatembea miaka minne kwa sababu macho yake yamekwisha.

Bwana Kibii alimwambia atalitengeneza upya, na kwamba Jumamosi tarehe 29 Machi kutakuwa na maonyesho ya magari ya kale Nakuru, na mzee ataketi kiti cha mbele.

Wangechi akasema, "Baba, wewe hata geti huioni. Utaendesha nini?"

Mzee akajibu, "Nani amesema kuendesha? Nataka kubebwa. Mimi nimebeba watu ya kutosha."

Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, huyu ni mtu wa kazi ama ni mtu wa mdomo?"

Nilisema ni mtu wa kazi.

Mapatano ya kumkabidhi Bwana Kibii gari niliyaandika mimi kwa mkono wangu kwenye karatasi ya daftari. Mzee alitaka sentensi moja iongezwe: "Gari hili halitavunjwa." Alisema aliona mashine za kiwanda chao cha mbao zikivunjwa na kuuzwa kwa kilo, na hataki kuona tena. Bwana Kibii alitia sahihi chini ya sentensi hiyo. Nami nilitia sahihi kama shahidi. Karatasi hiyo iko kwa Wangechi.

Ijumaa tarehe 14 Machi, saa tano kasorobo asubuhi, Bwana Kibii alinipigia simu nije na bisibisi kwenye yadi ya vyuma chakavu, hapa Lanet. Nilifika saa tano na dakika ishirini. Gari la Mzee Hiram lilikuwa juu ya magogo mawili, bila magurudumu. Mkataji alikuwa amewasha gesi. Bwana Kibii alinipa ishara nifungue kibati, kwa sababu hakutaka kiungue.

Nilimwuliza, "Si uliandika halitavunjwa?"

Akasema, "Mzee haoni. Kwa maonyesho nitamweka kwa ile yangu ya kijani. Kiti ni kiti."

Nilifungua kibati. Alikitia mfukoni, akashika simu na kuanza kupiga video. Alisema kwa sauti ya mtangazaji: "Torrens Mau, namba thelathini na nane. Mnaona wenyewe. Sasa zimebaki kumi." Video hiyo ilikuwa ya wakusanyaji wenzake, wa hapa na wa ng'ambo, ili waamini hesabu.

Sasa naeleza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

Mwaka wa 1996 nilikuwa fundi wa kuajiriwa katika gereji nyingine mjini. Torrens mbili, ya Mzee Hiram na ile ya kijani ambayo leo ni ya Bwana Kibii, ziliingia kupakwa rangi wiki moja. Desturi ya gereji zetu ni kutupa skrubu na vibati vya magari yote katika kopo moja, kwani skrubu ni skrubu. Nilipofunga, nilitia kibati kilichokuja mkononi. Mwaka wa 2003 nilikuwa nashona kwa kuchomelea sakafu ya gari la Mzee Hiram, nikaona namba iliyogongwa kiwandani kwenye chesisi, chini ya kiti cha dereva. Ilikuwa 01. Wakati huo Torrens ilikuwa gari kuukuu la kubeba viazi. Sikuona sababu ya kusema, nikapaka rangi juu.

Desemba iliyopita Bwana Kibii aliniomba barua ya kuthibitisha kwamba gari lake la kijani ni namba moja halisi. Niliandika. Alinilipa.

Kwa hiyo pale yadi nilijua kinachokatwa. Kutoka kufungua kibati hadi moto kugusa paa zilipita kama dakika nne. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Hii ndiyo namba moja," na angelikumbatia gari lile kama mtoto wake. Sikusema, kwa sababu ningeonekana fundi mwongo. Mimi, ninayewaandikia wahariri wa magazeti kila mwezi juu ya waongo wa nchi hii, nilisimama pale na bisibisi, nimenyamaza.

Moto ulipofika sakafuni, unga wa mbao uliokuwa umejificha kwenye maungio uliwaka. Yadi yote ilinuka kiwanda cha mbao. Mkataji aliuliza kama kuna mtu anapika.

Bwana Kibii aliniambia, "Usinune, fundi. Thamani imepanda ukiwa hapa."

Jumatatu tarehe 24 Machi, saa moja asubuhi, Wangechi alinipigia. Video ilikuwa imemfikia. Alisema, "Hiyo si gari ya baba? Fundi, nijibu." Nilimjibu kwamba ndilo. Alisema babake ametoa suti kwenye sanduku na anauliza kila siku imebaki siku ngapi. Hajamwambia. Alisema, "Wewe ndio ulituletea huyu mtu. Enda umwambie wewe."

Tarehe 25 Machi nilimweleza Bwana Kibii juu ya vibati. Akasema, "Tunajua wawili tu. Tukinyamaza, yangu ni namba moja." Nikamwambia sinyamazi. Akasema, "Basi sema bei."

Barua yangu ya Desemba ni ya uongo na ninaifuta mbele ya Sajini. Kipande cha chesisi chenye namba 01 nilikinunua yadini kwa kilo, na nimekikabidhi leo. Kama nina kosa, niandikiwe.

Nina ombi moja. Msitume mtu wala simu Elburgon kabla ya saa nane mchana. Nataka mzee asikie kwangu, nikiwa nimesimama mbele yake, sio kwa askari getini.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, bila kushurutishwa. Nimesomewa, na siondoi neno.

Sahihi: H. M. Wafula

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika kama alivyosema, nikamsomea, akakubali. Nimepokea kipande cha chesisi. Saa sita na dakika tano, kabla shahidi hajatoka, simu ya kituo ililia. Ni Mzee Hiram Ndegwa, akiuliza kama barabara ya maonyesho itafungwa Jumamosi na gari lake lipitie wapi. Nilimpa shahidi simu. Aliishika, akasema, "Mzee, ni fundi. Keti chini kwanza." Nilitoka ofisini.

Sajini P. Kipchirchir