Meli Tatu za Melchior

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Melchior kaniponza! Jana kwenye kikao cha Watanzania, Hallunda, hapa Stockholm, kawaambia watu eti vita vya Amini nilizamisha meli tatu kwa risasi moja, maana Mpare hapendi kufuja ya pili. Utani tu. Yeye Mchaga, hayo ndiyo maisha yetu. Wazee tulicheka. Vijana waliozaliwa huku wakaandika.

Jumatano, 4 Desemba
Flaviana, binti yangu, kanionyesha tangazo la sherehe ya Uhuru ya Jumamosi: sura yangu, na manowari tatu baharini. Bahari gani? Tulikuwa Ziwa Victoria! Boti ndogo kuliko feri ya Djurgården. Doria, kutapika, maharage yenye harufu ya dizeli. Adui sikumwona hata kofia. Nikasema lifutwe. Kanijibu kwa Kiswidi kwamba limeshasambaa, na nisijishushe. Nisijishushe! Nimechoka.

Alhamisi, 5 Desemba
Kapiga simu mama mmoja wa Märsta, nje kidogo ya jiji, Winifrida. Ni dada wa Kasiani — Kasiani wa boti yetu! Miaka yote tuko karibu hivi, sikujua. Kaliona tangazo, jina langu alilijua kwenye barua za Kasiani. Kwao Bukoba waliambiwa tu amefia vitani. Kaburi hawana. Mama yao kafa akiuliza. Sasa anataka kujua, kati ya zile meli tatu, ni ipi iliyomuua kaka yake.
Meli ipi! Nyavu za wavuvi zilijisokota kwenye rafadha, panga za kusukuma boti, upepo unatusukuma kwenye miamba. Kasiani akapiga mbizi na kisu. Alizikata zote. Hakuibuka. Sisi wengine tukarudi nyumbani.
Nikaanza kumweleza. Akanikatiza: hapana kaka, Jumamosi, wanangu nao wasikie. Nikipiga tena, hapokei.

Jumamosi, 7 Desemba
Naandika jikoni kwenye ukumbi wa kanisa. Nilimwambia Melchior asimame akiri ulikuwa utani. Kacheka: Mpare, punguza bei, sema zilikuwa mbili. Nikamweleza Winifrida ni nani. Kicheko kikamkauka. Sasa kakaa kule nyuma, bure kabisa, mchokozi mzima!
Winifrida yuko mstari wa mbele na wanawe. Mkubwa kachukua uso wa Kasiani, siwezi kumtazama. Winifrida kaja hapa mlangoni, shikamoo kaka, simu mkononi, ukoo mzima wa Bukoba uko hewani. Kaniomba niseme kwa sauti, mjomba wao wa huko hasikii vizuri.
Flaviana ananiita jukwaani. Wameanza kupiga makofi —