Taa ya Jikoni Usiiguse

Binti yangu,

Ukitoka kazini usiwashe swichi kuu, nimeizima makusudi. Ngazi nimeondoka nayo. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nilipokukuta juu ya ngazi na nguo zako za ofisini, bisibisi mkononi, nilikufokea kwamba ufundi umeme huuwezi, urudi kwenye kompyuta yako. Ulinijibu kwamba swichi ya ukutani umeizima. Kweli ulikuwa umeizima. Ulipoondoka nikaipima ile taa, na umeme bado ulikuwepo. Nyaya zile nilizifunga mimi nikiwa bado najifunza kazi, na nilizigeuza, swichi ikawa haikati waya wenye umeme. Miaka yote hiyo sikujua.

~~Barua ya kuacha kazi uje kwenye ufundi usiipeleke kwanza.~~ Barua ni yako, mama. Mimi ni mwoga tu.

Saa kumi na moja nitakuwa nyumbani. Vaa viatu vya mpira. Wewe utapanda, mimi nitashika ngazi, urekebishe kosa langu. Ila kabla hujagusa waya wowote, pima kwanza, hata kama anayekuambia umeme umezimwa ni mimi,

Baba