Mbayuwayu wa Mama

Kumasi, Jumatano

Kwa dada yangu Serwaa,

Kabla ya salamu, ujue kwamba Kumasi nzima hakuna kidole kinachoiweza kompyuta kama changu; hata waliomaliza chuo huja kuniuliza, nami nawajibu nikitafuna karanga. Sasa salamu. Hujambo huko Takoradi? Shemeji mtarajiwa je, bado mwembamba? Sisi wazima, ila mimi leo makalio hayakai kitini. Naandika nimesimama, naenda mlangoni, narudi.

Bosi wangu Mama Afrakoma amekata kaba, zile blauzi za sherehe, miaka thelathini kwa chaki na macho tu. Mwanawe alipomletea kompyuta, alisema niishike mimi, maana aliyeshindwa shule akiiharibu hakuna atakayeshangaa. Mafundi wenzangu wakanibatiza Profesa Kidato cha Kwanza. Haya, Profesa akajifunza! Naingiza vipimo, nguo inajichora kwenye kioo, kisha mashine inavipanga vipande juu ya kitambaa kama mtu anayepakia sanduku. Wenzangu wamefyata mkia.

Vipimo vyako vimo. Usijidanganye, kiuno kimeongezeka.

Sasa ile kaba na sketi yako ya uchumba, Jumamosi. Mama Afrakoma alipokiona kitambaa alichokuachia marehemu Mama, kile cha mbayuwayu wanaopaa, alisema hakichapwi tena popote, tumwachie akate kwa mkono wake. Nikamjibu kwamba chaki imeshazikwa na matanga yamekwisha. Akaguna, akaenda zake sokoni.

Dada, kompyuta iliniuliza kama igeuze vipande juu chini ili vibanane. Nikakubali, nikakata. Mbele ndege wanapaa. Mgongoni wote wanaanguka vichwa chini, na wazee watakaokaa nyuma yako watawaona. Mama Afrakoma aliporudi hakunitukana. Aliuliza tu nitakuambia lini.

Nilishaandaa kusema mashine haijui ndege ana kichwa. Lakini mimi nilijua. Nilikubali kwa sababu vikibanana ingebaki yadi moja, nami nilitaka shati la kitambaa cha Mama, nikae nawe Jumamosi tumevaa sare. Wewe alikuachia kitambaa. Mimi sikuachiwa kitu.

Yadi hiyo ipo, sijaigusa. Nimeipima mara nne, haitoshi mgongo.

Msalimie shemeji. Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Dapaah, uprofesa nimeuvua